Sura ya Tano: Kuzungumza Kutanifaa Nini?

Katika maswali yote ambayo mtabibu wa nafsi huulizwa katika mji wa Rumonge, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, hakuna linalorudi mara nyingi zaidi, wala linalostahili kujibiwa kwa insafu zaidi, kuliko hili: yaliyonipata yamekwisha kunipata, waliokufa hawafufuki, na shamba lililogawanywa halirudi kuwa moja, basi kuketi na mtu asiye ndugu yangu nikamsimulia mambo hayo kutanifaa nini? Huliuliza mvuvi ambaye usingizi umemkimbia hata katika siku za mbalamwezi ambazo mitumbwi hupumzika. Huliuliza mama muuza mawese ambaye kifua humbana kila asikiapo hodi ya usiku. Na huliuliza kijana aliyezaliwa ukimbizini Tanzania, akarejea katika nchi aliyoijua kwa masimulizi tu, akakuta kwamba hasira aliyo nayo ni kubwa kuliko jambo lolote awezalo kulitaja kuwa ndilo lililomkasirisha. Wengine huliuliza kwa adabu, wengine kwa ukali, na wengine hawaliulizi kabisa, huondoka tu wasirudi tena, na huko nako ni kuuliza.

Sura hii yote ni jibu la swali hilo, lakini msomaji ana haki ya kujua tangu sasa ninakoelekea. Naitakidi kwamba masimulizi peke yake hayamponyi mtu, kwa kuwa watu wa pwani hii wamekwisha kusimulia mengi, mbele ya tume na mbele ya wageni wenye madaftari, na wengi wao wamebaki na dhiki ile ile waliyokwenda nayo. Kinachoponya ni kusimulia mbele ya mtu mmoja anayerudi wiki baada ya wiki, anayekumbuka ulichomwambia mara iliyopita, asiyetishwa na hasira yako wala kuyakimbia machozi yako, na ambaye, mambo yakiharibika baina yenu, hukubali kuketi nawe mpaka yatengenee.

Tiba hii ni ya namna gani?

Tiba ya nafsi ni matibabu yanayofanywa kwa mazungumzo yenye utaratibu baina ya mtu mwenye dhiki na mtu aliyefundishwa kazi ya kusikiliza, mahali pamoja, saa maalumu, na kwa siri iliyoahidiwa. Ziko namna nyingi za tiba hii. Baadhi yake humfundisha mtu njia za kuutuliza moyo unaodunda au kuzipinga fikira zinazomwonea, nazo zina manufaa yake, aghalabu kwa muda mfupi. Ile ninayoieleza hapa ina sifa mbili. Ya kwanza ni kina: mtabibu haishii kwenye dalili, kama vile kukosa usingizi au maumivu ya kichwa ambayo vipimo vya hospitali haviyaoni, ila huuliza pamoja na mwenye dhiki dalili ile ilianza lini, husikika zaidi wakati gani, na inamkinga na jambo gani. Ya pili ni uhusiano: yale yanayotokea baina ya watu wawili humo humo chumbani, nani amechelewa, nani amenuna, nani amenyamaza na kwa nini, huhesabiwa kuwa sehemu kubwa ya dawa yenyewe.

Asili yake ni ya mbali na hapa. Mwaka 1895, mjini Vienna, matabibu wawili, Josef Breuer na Sigmund Freud, walichapisha kitabu juu ya wagonjwa ambao miili yao ililemaa au kuuma pasipo kasoro iliyoonekana, na ambao walipata nafuu walipopewa nafasi ya kusema mambo ambayo hawakupata kumwambia mtu. Kutoka hapo Freud akajenga dhana kwamba nafsi ya binadamu ina sehemu ambayo mwenyewe haijui, nayo humwongoza bila ya idhini yake. Katika kitabu hiki naiita batini. Waliomfuata, hususan Ronald Fairbairn wa Edinburgh na Donald Winnicott wa London, waliona kwamba Freud ameyatazama mno matamanio ya mtu peke yake na kuwatazama kidogo wale waliomlea, ilhali mtoto tangu siku ya kwanza ya uhai wake humtafuta mtu wa kuwa naye kabla hajatafuta kitu kingine chochote. Hao ndio waliounganisha kina na uhusiano, na wengi wetu tunaofanya kazi hii leo tu wanafunzi wao, tuwataje tusiwataje.

Mfano ulio karibu nasi ni ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini ndagala, mukeke na sangala wote huishi katika tabaka ya juu, kwa kuwa chini ya mita 100 hadi 200 maji hayana hewa ya kuwafaa samaki, wala hayachanganyiki kwa urahisi na yale ya juu. Hata hivyo, pepo za kusi zivumapo baina ya Mei na Septemba, huyasukuma maji ya juu upande wa kaskazini, na katika ncha ya kusini maji ya vilindini hupanda yakileta rutuba inayolisha viumbe vya ziwa. Batini ya mtu ndivyo ilivyo: yaliyozama humo hayapotei, na yakipanda kwa wakati wake, akiwapo wa kuyapokea, humlisha mwenyewe na kumpa nguvu asizozijua. Kwa sababu hiyo mtabibu mwenye busara hapigi mbizi kuyafuata kwa nguvu, wala hamlazimishi mtu kusema jambo ambalo wakati wake haujafika.

*Kwa muhtasari:* tiba ya kina hutafuta maana iliyo nyuma ya dalili. Tiba ya uhusiano huitafuta maana hiyo katika yale yanayotokea baina ya watu wawili. Na zote mbili zahitaji muda.

Ukimya uliorithiwa

Msomaji asiyeijua pwani hii anapaswa kuelezwa kwa nini watu wake ni wazito wa kusema. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa mahali ulipoanzia. Waasi waliwaua watu wengi, wengi wao wakiwa Watutsi. Na serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma na waliokuwa na cheo au mali, walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, askari na wafanyabiashara. Makadirio ya waliouawa katika miezi ile michache ni baina ya watu 100,000 na 300,000, na Warundi huyaita mambo yale Ikiza. Waliochukuliwa kwa malori hawakurudi. Jamaa zao waliambiwa kwamba waliokufa walikuwa wahaini, na kumlilia mhaini hadharani kulikuwa kujitia hatarini. Kwa hiyo matanga hayakukaliwa, na siku ya kuganduka, ambayo kwa mila ya Kirundi huhitimisha msiba na kuwaruhusu wafiwa kurejea katika maisha ya kawaida, haikupangwa, kwa kuwa hapakuwa na maiti, wala kaburi, wala ruhusa.

Maelfu kwa maelfu walivuka ziwa au kupita nchi kavu kuingia Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba ya michikichi waliyoyaacha katika nchi tambarare ya Imbo yakashikwa na watu wengine, ambao nao wakazaa na kuzika humo. Hata wakimbizi waliporejea kwa wingi, hasa tangu mwaka 2008, wakakutana watu wawili chini ya mchikichi mmoja, kila mmoja ana hoja yake na kila mmoja ana machungu yake. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilisikiliza mashauri mengi ya aina hii, mara ikawataka wenyeji na waliorejea wagawane, mara ikamrudishia shamba zima aliyerejea. Kabla ya hayo ulikuja msiba wa Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye na vita vya miaka mingi vikafuata. Na mwaka 2015 makundi mengine ya watu yalikimbia tena kufuata pwani, yakasongamana katika kijiji cha Kagunga upande wa Tanzania, kipindupindu kikawakuta huko, na meli kongwe ya Liemba ikawa miongoni mwa vyombo vilivyowahamishia Kigoma.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu ukimya wa mtu wa Rumonge ni elimu aliyoipata kwa gharama kubwa, na mtabibu anayeuita ukaidi au ujinga hajui anaketi mbele ya nani. Mtoto wa mwaka 1972 alifundishwa asiulize baba yuko wapi, kwa kuwa jibu lingeweza kusikiwa na jirani. Mtoto huyo alipokuwa mzazi hakuwa na la kuwajibu wanawe, nao wakajifunza kuusoma uso wake na kuondoka polepole wakimwona amenyamaza. Dhiki hurithiwa hivyo, pasipo neno hata moja kusemwa, na kijana niliyemtaja mwanzoni mwa sura hii amerithi hasira ya mtu asiyemjua.

Matabibu huziita kinga za nafsi zile njia ambazo mtu huzitumia, bila ya kujua, ili asihisi jambo ambalo lingemzidi nguvu: kusahau, kucheka mahali pasipo pa kicheko, kufanya kazi asubuhi hadi usiku bila ya kupumzika, kumchukia asiyehusika. Nazo zastahili heshima. Kinga iliyomwokoa mtu mwaka 1972 haivuliwi kwa amri ya mtabibu aliyekuja juzi. Huachwa na mwenyewe, kidogo kidogo, pindi aonapo kwamba mahali alipo hapahitaji tena kinga ile.

Hapa pana jambo ambalo limenishughulisha sana. Katikati ya miaka ya 1980 Liisa Malkki, mtaalamu wa mila na maisha ya watu, alikaa miongoni mwa wakimbizi wa 1972, baadhi katika makazi ya Mishamo na baadhi katika mji wa Kigoma, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1995. Wakimbizi wa Mishamo walikuwa wakiisimulia historia ya maangamizi bila ya kuchoka, kwa maneno yanayofanana kutoka kinywa hadi kinywa. Wale wa Kigoma waliificha asili yao na kujichanganya na wenyeji. Mtu wa haraka atasema kwamba wa kwanza walitua mzigo na wa pili waliubeba. Mimi siamini hivyo. Masimulizi ya Mishamo yaliwapa watu heshima na umoja, na hiyo si neema ndogo kwa watu walioitwa wahaini; lakini katika simulizi ambayo ni ya wote, mtu mmoja mwenye baba yake mmoja, baba aliyependa chakula fulani na kukasirishwa na jambo fulani, hapati nafasi ya kutokea. Mtu aweza kuyasimulia maangamizi ya taifa zima asipate kusema, hata mara moja, kwamba alimkasirikia baba yake kwa kutokimbia mapema. Neno kama hilo halisemwi mbele ya umati, wala haliandikwi na tume. Lahitaji msikilizaji mmoja ambaye halitamshangaza.

Somo lililopatikana Buganda

Ni fahari kwa Afrika Mashariki, nayo haijulikani ipasavyo hata miongoni mwa wasomi wetu, kwamba mojawapo ya nguzo za tiba ya uhusiano ilisimikwa katika vijiji vya jirani na Kampala. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi London pamoja na tabibu John Bowlby, alifika Uganda mwaka 1954 kwa kumfuata mumewe aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Akiwa na mkalimani wa Kiganda, alizizuru mara kwa mara familia 26 zenye watoto wachanga 28, akaketi na akina mama nyumbani kwao, akatazama mtoto anamlilia nani, anamtambaalia nani, na anafanya nini mama akiinuka kwenda zake. Matokeo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967.

Alichokiona ni jambo ambalo kila bibi wa Kiafrika amekwisha kuliona bila ya kuliandika. Mtoto aliye na hakika ya mamaye humwacha na kwenda kuichunguza dunia, hutambaa hadi mlangoni, hugeuka kumtazama, hurudi, kisha hutoka tena akiwa na ushujaa zaidi. Na yule asiye na hakika hiyo humng'ang'ania mama asithubutu kutoka. Matabibu huuita mfungamano uhusiano huu unaompa mtoto mahali pa kutokea na pa kurudia. Ainsworth aliona jambo jingine la thamani: watoto wenye mfungamano thabiti walikuwa, kwa kawaida, wale ambao mama zao waliweza kumweleza habari zao ndogo ndogo kwa wingi, kile wanachokipenda, kilio cha njaa na kilio cha usingizi, na jinsi walivyobadilika tangu juma lililopita. Kupendwa, kwa mtoto, kulikuwa ni kujulikana kwa mambo yake mahususi.

Sasa msomaji na amfikirie mama anayevuka ziwa usiku katika mtumbwi uliojaa watu, na mtoto wake analia. Ndani ya mtumbwi wote wamemkazia macho, kwa kuwa kilio kile chaweza kuwaua. Mama huweka mkono kinywani mwa mtoto. Kitendo hicho ni cha mapenzi, na hapana mwenye haki ya kukilaumu. Lakini mwili wa mtoto umejifunza usiku ule kwamba kulia ni hatari, na kwamba mkono unaomlisha ndio unaomziba pumzi. Atakua, ataoa au ataolewa, atafanya biashara sokoni, na mke wake au mume wake atalalamika mwaka baada ya mwaka: mtu huyu hasemi linalomsumbua, akiumwa hujifungia, ukimwendea hukufukuza. Hatalikumbuka jambo lenyewe, maana alikuwa mchanga. Lakini atalirudia kwa kila mtu anayemkaribia, na siku akija kwa mtabibu, atalirudia kwa mtabibu pia. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Ndani ya chumba

Freud alimlaza mgonjwa kitandani, yeye akaketi nyuma ya kichwa chake asionekane. Kwa watu ambao kwa nusu karne walikuwa na sababu ya kumwogopa anayesikiliza pasipo kuonekana, utaratibu huo haufai kamwe. Viti viwili vya kimo kimoja, vinavyotazamana kwa upande kidogo ili macho yapate pa kupumzikia, mlango unaofungika, dirisha lisilotazama baraza ya watu, basi, na daftari likae mbali. Salamu ziachiwe urefu wake, habari za nyumbani, za watoto, za mzee anayeumwa, kwa kuwa mtu aliyekatiziwa salamu amekwisha kuambiwa kwamba mengine yake pia yatakatizwa. Mwenye dhiki aseme kwa lugha aipendayo, na mtabibu asishangae akiona bei za sokoni zinasemwa kwa Kiswahili na habari za marehemu zinasemwa kwa Kirundi ndani ya saa moja. Na mvuvi apangiwe siku zake kwa kufuata mwezi, kwa maana taa za karabai na za umeme huwavuta ndagala katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi huwa nchi kavu.

Nitatoa mfano ulioundwa kwa hali za watu wengi, ili asitambulike yeyote. Bibi mmoja mwenye wajukuu, muuza mawese, amekuja kwa ajili ya kifua kinachobana na kichwa kisichokoma kuuma. Madaktari wamempima na hawakuona ugonjwa. Kwa miezi kadhaa anakuja kila wiki, anazungumza kwa utulivu, anamwita mtabibu mwalimu, naye mtabibu anamwita mama. Kisha mvua kubwa inaikata barabara ya Bujumbura, na wiki moja mtabibu hafiki. Wiki inayofuata anamweleza sababu. "Hapana neno, mwalimu," bibi anajibu, "mvua ni ya Mungu." Na tangu hapo, mara mbili mfululizo, anazungumza juu ya bei ya mawese tu.

Mtabibu asiye na mafunzo angeshukuru kwamba bibi ameelewa. Mtabibu wa uhusiano anaona kwamba kitu kimefungwa. Mara ya tatu anamwambia, "Mama, tangu wiki ile niliyokosa kufika, naona umekaa mbali nami kidogo, na ningependa kujua ilikuwaje kwako." Bibi ananyamaza kitambo, kisha anasema, "Nilijua tu hutarudi. Na uliporudi nikasema moyoni, afadhali asingerudi, maana nilikuwa nimekwisha kuzoea." Ndipo inapotoka habari ya baba yake, aliyeondoka na askari akisema atarudi jioni, na ya mama yake, aliyeendelea kumwekea baba sehemu yake ya chakula jioni baada ya jioni, mpaka watoto wakajifunza kutoitazama sahani ile. Alikwisha kuwaambia watu kwamba baba yake aliuawa. Hakuwa amemwambia mtu kwamba alimngoja.

Matabibu huita uhawilisho hali hii ya hisia za zamani kumhamia mtu wa leo: bibi hakuwa amemfananisha mtabibu na baba yake kwa akili, lakini moyo wake uliupokea ukosefu wa wiki moja kama ulivyoupokea ule wa mwaka 1972. Na thamani ya jambo hili ni kwamba safari hii aliyengojwa alirudi, akaulizia, na akasikia lawama bila ya kujitetea. Alichokifanya mtabibu ni kidogo ukikihesabu:

1. Aliutaja umbali aliougundua, pasipo kulaumu.
2. Hakujificha nyuma ya mvua, ingawa mvua ilikuwa kweli. Alikubali kwamba kukosekana kwake kuliumiza.
3. Tangu siku ile alimwarifu mapema kila alipojua kwamba atakosekana, na kila aliposema atarudi alirudi.

La tatu ndilo gumu zaidi, na ndilo lililoponya zaidi. Kichwa cha bibi hakikuacha kuuma kabisa, lakini kifua kililegea, hodi za usiku zikawa hodi tu, na jina la baba yake, ambalo halikutamkwa katika nyumba ile kwa miaka mingi, akawafundisha wajukuu.

*Kwa muhtasari:* uhawilisho ni mambo ya zamani yanayotokea upya baina ya watu wa leo. Nafasi ya kupona imo katika kuyapatia mwisho tofauti na ule wa kwanza.

Je, si kazi ya sheikh, padri na wazee?

Rumonge ni mji wa misikiti na makanisa, na swali hili ni la haki. Sheikh humkumbusha mfiwa subira na rehema ya Mola, padri husikiliza ungamo, na wazee washingantahe, waamuzi wa kimila wa Warundi, huwapatanisha wanaogombea mpaka. Mtabibu hachukui nafasi ya hata mmoja wao. Tofauti ni kwamba hao wote wana hukumu au maagizo ya kutoa, na mtu aliye na hasira kwa Mwenyezi Mungu, au chuki kwa jirani aliyepatanishwa naye jana, hana budi kuificha mbele yao. Kwa mtabibu chuki hiyo yaweza kutajwa ilivyo, ikatazamwa, ikajulikana ilikotoka.

Na wasikilizaji wa kimila nao huweza kupotea. Mwaka 1925 Carl Jung, mwanafunzi wa Freud aliyejitenga naye, alipanda Mlima Elgon upande wa Kenya, akawauliza wazee habari za ndoto zao. Ameandika katika kumbukumbu zake kwamba mzee mmoja mwenye hadhi alimjibu kwa masikitiko kuwa tangu wazungu waje hapakuwa tena na haja ya ndoto, kwa kuwa sasa Waingereza wanajua kila kitu. Nionavyo mimi, mzee yule alikuwa akieleza msiba wa kuondokewa na wasikilizaji, kwani baraza iliyokuwa ikizipima ndoto na kuzifanyia kazi ilikuwa imepoteza mamlaka yake. Ndivyo ilivyo kwa simanzi pia. Pasipo wa kuipokea, huhamia kichwani, kifuani na tumboni.

Warundi wenyewe hawakukaa bure. Mchungaji David Niyonzima, Mkweka aliyenusurika mauaji ya mwaka 1993, aliasisi shirika la THARS la kutibu majeraha ya nafsi na kupatanisha watu. Na tangu mwaka 2003 warsha za uponyaji ziitwazo HROC, zilizoanzishwa na Wakweka wa Burundi na Rwanda, zimewaketisha pamoja, kwa siku chache, watu wa pande zilizopigana. Nazistahi sana juhudi hizi, maana zimefanya ambalo chumba cha watu wawili hakiwezi: kumwonyesha Mhutu na Mtutsi kwamba kila mmoja amelia. Lakini siku chache hufungua tu. Na aliyefunguliwa, wageni wakaondoka, hubaki na nani?

Mipaka ya tiba hii, na ombi

Si kila dhiki ianzie kwa mazungumzo. Ampeleke mgonjwa kwa daktari kwanza yeyote aonaye mambo haya:

- anasikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni;
- anaanguka na kutetemeka, hali ambayo aghalabu ni kifafa, nacho kina dawa;
- hali, hanywi, au anasema kwamba anataka kufa;
- amebadilika ghafla baada ya homa kali au kuumia kichwa.

Kwa haya ziko hospitali, na kwa yaliyo mazito iko hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge mjini Bujumbura. Mazungumzo ya kina yaweza kufuata baadaye, mwili ukishatulia.

Kwa wengine wote, jibu la swali letu ni kwamba kuzungumza kutamfaa mtu kwa kadiri ya uthabiti wa yule anayezungumza naye. Kwa sababu hiyo ombi langu naliweka mbele ya wakuu wa afya na wa mashirika yanayokuja kusaidia pwani hii, na naliomba kwa moyo wangu wote. Rumonge, Nyanza-Lac, Minago na Magara kila moja ipewe chumba kimoja chenye mlango unaofungika, na mtu mmoja aliyefundishwa kazi hii, anayejua Kirundi na Kiswahili; alipwe mshahara wa kumtosha; na akishaanza kazi asihamishwe kwa miaka mitano. Warsha na zipungue ikiwa fedha hazitoshi, na magari na yapungue, lakini mtu huyo abaki mahali pake, kwa kuwa kila ahamishwapo mtabibu, wapo watu wa pwani hii ambao huachwa mara ya pili.